Sare, Joho na Ufunguo: Walikotoka Wakuu wa Polisi, Mahakama na Magereza ya Uganda

Tarehe 31 Januari, 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda ilitoa hukumu iliyokuwa ikingojewa kwa miaka mingi. Majaji waliamua kwamba kuwafikisha raia mbele ya mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, na kwamba kesi za raia zihamishiwe kwenye mahakama za kawaida. Kabla ya nusu mwaka kwisha, Bunge la nchi hiyo lilikuwa limekwisha kupitisha mabadiliko ya sheria ya jeshi yaliyorudisha mamlaka hayo katika mambo kadhaa, na mwezi Juni Rais akayatia saini.

Ndugu wasikilizaji, wako walioipokea habari hiyo kama mvutano wa wanasiasa wa leo tu. Kwa hakika jambo lenyewe lina umri wa zaidi ya nusu karne. Ni swali la nani mwenye haki ya kumkamata mwananchi, nani wa kumshtaki, nani wa kumhukumu, na nani wa kukaa na ufunguo wa mlango atakaofungiwa. Majirani zetu wa Uganda wameyakabidhi madaraka hayo kwa watu wa kila namna. Wamepata kuwa na askari polisi aliyepanda ngazi, wakili aliyegeuka mwanasiasa kisha akawa jaji, majenerali wa jeshi, na hata daktari wa mifugo. Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Basi yafaa kutazama kila mmoja wa wakuu hao alitoka katika karakana gani, alikuja na desturi gani, na mwananchi wa kawaida alipata nini kwa kuja kwake.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kijeshi. Jeshi la polisi la Uganda lilipopewa umbo lake mwaka 1906, mkuu wake wa kwanza, Inspekta Jenerali W. F. S. Edwards, alikuwa mwanajeshi wa Kiingereza. Kazi iliyotakiwa na wakoloni haikuwa hasa kumtafuta mwizi wa mbuzi kijijini. Kazi hiyo waliachiwa watawala wa jadi na askari wao, pamoja na vijijela vya serikali za mitaa. Polisi wa serikali kuu waliwekwa ili kulinda utawala. Walipanga mistari kama askari, walikaa kambini kama askari, na waliamrishwa kwa Kiswahili kama askari wa King's African Rifles.

Jambo hilo la lugha si dogo kwa sisi wenye Kiswahili. Huku kwetu lugha hii ilikua sokoni, bandarini, shuleni, na baadaye katika mikutano ya kudai uhuru. Nchini Uganda, hasa katika Buganda, watu wengi waliisikia kwanza kutoka katika kinywa cha mtu mwenye bunduki. Ndiyo maana Idi Amin alipotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, wako wananchi waliosikia katika tangazo hilo sauti ya kambi, na chuki hiyo haikuondoka upesi. Tabia ya askari huweza kuitia doa hata lugha anayoisema.

Inspekta Jenerali wa mwisho wa Kiingereza alikuwa Michael Macoun, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1959. Alikuwa polisi kwa kazi yake, na kabla ya kwenda Kampala alikwisha tumikia kwa miaka mingi katika polisi ya Tanganyika. Mwaka 1964 alimpisha Erinayo Oryema, Mwafrika wa kwanza kuiongoza polisi ya Uganda. Oryema alikuwa amekulia ndani ya jeshi hilo la polisi na kupanda daraja kwa daraja. Wengi walitumaini kwamba sasa kazi ya polisi itafanywa na polisi, kwa sheria, na kwa manufaa ya raia wa nchi huru.

Matumaini hayo yalianza kuvunjwa mapema, tena kabla mwanajeshi hajakalia kiti cha nchi. Mwaka 1966 Buganda iliwekwa chini ya hali ya hatari, na mwaka 1967 ikatungwa sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Pembeni ya polisi ikaanzishwa idara ya upelelezi iliyowajibika kwa Rais Milton Obote, ikiongozwa na Akena Adoko. Na Adoko alikuwa mtu wa sheria, aliyesomea uwakili. Hapo tunapata fundisho la kwanza. Kusomea sheria hakumfanyi mtu kuwa mlinzi wa sheria iwapo ofisi anayopewa imeundwa ili kuikwepa. Miongoni mwa waliowekwa kizuizini katika siku hizo, mwaka 1969, alikuwa wakili mwingine, Benedicto Kiwanuka.

Tarehe 25 Januari, 1971, Idi Amin aliitwaa serikali kwa mtutu. Mwaka huo huo zilitoka amri mbili zilizogeuza kazi ya polisi na mahakama juu chini. Moja iliwapa wanajeshi uwezo wa kuwakamata raia. Nyingine iliongeza muda wa kuwaweka watu kizuizini. Kisha kikaundwa Kikosi cha Usalama wa Raia kilichokaa Naguru, kwa madai ya kupambana na makondo, yaani majambazi wenye silaha waliokuwa wakiisumbua nchi. Wananchi waliochoshwa na makondo hawakuwa na sababu ya kulalamika mwanzoni. Muda si muda waliokuwa wakitupwa ndani ya buti za magari walikuwa wafanyabiashara, walimu, watumishi wa serikali, na yeyote aliyekuwa na adui mwenye jamaa jeshini. Pale Nakasero palikuwa na ofisi iliyoitwa ya utafiti wa dola, na utafiti wake ulikuwa ni mateso. Pale Makindye palikuwa na gereza la polisi wa jeshi. Mwaka 1973 ikaongezwa amri ya kuwapeleka raia mbele ya mabaraza ya kijeshi. Hapo ndipo ulipoota mzizi wa jambo lililoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2025.

Afisa wa polisi wa wilaya katika miaka hiyo alikuwa na jengo, na sare, na daftari la kuandikia mashtaka, lakini hakuwa na madaraka. Mwanamke aliyekuja kituoni kuuliza habari za mumewe aliyechukuliwa usiku aliambiwa kwamba polisi hawajui. Mara nyingi lilikuwa jibu la kweli. Waliomchukua hawakuandika jina popote, na aliyeulizia sana alijitia yeye mwenyewe hatarini.

Katika hali hiyo ndipo historia ya Benedicto Kiwanuka inaposimama peke yake. Katika vita vikuu vya pili alikuwa askari wa King's African Rifles. Baada ya vita alikwenda London kusoma sheria. Aliporejea aliongoza chama cha Democratic Party, na mwaka 1962, kabla ya uhuru, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda kwa muda wa miezi miwili. Amin alimtoa kizuizini mwaka 1971, na mwaka huo huo akamfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukikalia kiti hicho. Kwa hesabu za siasa, mtu kama huyo alitazamiwa kuwa na deni la shukrani: alikuwa amefungwa na Obote, akafunguliwa na Amin, kisha akapewa joho.

Mwezi Septemba, 1972, ikaja mbele yake kesi ya Daniel Stewart, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa ameshikwa na wanajeshi. Waliomtetea waliomba mahakama iamuru mtu huyo aletwe mbele yake ili ijulikane ameshikwa kwa sheria gani. Jaji Mkuu aliamua kwamba wanajeshi hawakuwa na uwezo wa kisheria wa kumshika, na kwamba aachiwe. Zilikuwa siku mbaya. Tarehe 17 Septemba wapiganaji wa Kiganda waliokuwa wakiishi uhamishoni Tanzania walikuwa wameivuka mipaka kujaribu kumwondoa Amin, nao wakashindwa, na Kampala ilikuwa imejaa hofu na kisasi. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mchana kweupe, wakamkamata Jaji Mkuu katika ofisi yake na kuondoka naye kwa gari. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana kamwe.

Hapana polisi aliyeweza kuwazuia wale watu mlangoni. Nchi ambayo Jaji Mkuu wake anaweza kubebwa kutoka katika kiti chake, mkulima wa Lira au mvuvi wa Jinja alinde haki yake kwa kitu gani?

Na Oryema je? Huyu mkuu wa polisi wa kwanza Mwafrika alikubali kufanya kazi na serikali ya kijeshi na akawa waziri ndani yake. Huenda aliamini, kama walivyoamini wengine wengi, kwamba mtumishi hodari aweza kupunguza ubaya akiwa ndani. Tarehe 16 Februari, 1977, aliuawa pamoja na waziri mwenzake, Charles Oboth Ofumbi, na Askofu Mkuu Janani Luwum. Serikali ilitangaza kwamba watu watatu hao wamekufa katika ajali ya gari, na ulimwengu haukusadiki. Mtoto wake Geoffrey, aliyekuja kujulikana baadaye kwa muziki, alitoroshwa nje ya nchi akiwa amefichwa ndani ya buti ya gari. Hivyo wakuu wawili, wa polisi na wa mahakama, mmoja aliyekubali na mmoja aliyekataa, walikutwa na kifo kimoja kutoka mkono mmoja.

Vita ambavyo nduli alivianzisha kwa kuivamia Kagera mwaka 1978 vilikwisha kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda kuingia Kampala tarehe 11 Aprili, 1979. Milango ya Nakasero ilifunguliwa, na dunia ikaona yaliyokuwa ndani. Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi ya vita, maana polisi inayoaminiwa haitekwi kama mji. Miaka ya 1980 hadi 1985 ilileta tena idara za usalama zilizokamata watu nje ya sheria, na vita vya msituni vilivyoteketeza watu wengi katika eneo la Luwero.

Katika machafuko hayo yote ulipatikana uzi mmoja ambao haukukatika, nao ni wa Jaji Samuel Wako Wambuzi. Alikuwa Jaji Mkuu baada ya Kiwanuka, tangu 1972 hadi 1975. Kutoka hapo alikwenda kuwa Rais wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mpaka Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. Alirudi kuwa Jaji Mkuu mwaka 1979, akaondoka mwaka uliofuata, na akarudi mara ya tatu mwaka 1986 hadi alipostaafu mwaka 2001. Kila utawala mpya ulipotaka kuonyesha kwamba sheria imerudi, ulimtafuta mtu wa mahakama aliyelelewa na mahakama. Hilo lenyewe ni ushahidi kwamba hata watawala hujua tofauti iliyopo kati ya fundi na mtu wa kujaziwa nafasi.

Serikali iliyoingia Januari, 1986, iliunda tume chini ya Jaji Arthur Oder kuchunguza maovu yaliyotendwa tangu uhuru. Tume hiyo ilisikiliza mashahidi katika wilaya mbalimbali na kutoa ripoti yake mwaka 1994. Mwaka uliofuata ikaja Katiba mpya, iliyoagiza kwamba polisi iwe ya kitaifa, yenye nidhamu na ujuzi, na kwamba Inspekta Jenerali ateuliwe na Rais kwa idhini ya Bunge. Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, Katiba ilikwenda mbali zaidi: ilitaka awe mtu mwenye sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Kwa mkuu wa polisi haikuweka sharti kama hilo la taaluma. Mlango huo uliachwa wazi, na haukukaa bila mtu wa kuupita.

Miaka ya 1990 polisi iliongozwa na watu wa polisi, akiwamo John Cossy Odomel. Jina la jeshi hilo, hata hivyo, lilikuwa limechafuka kwa rushwa. Mwaka 1999 iliundwa tume chini ya Jaji Julia Sebutinde, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Wananchi walifika mbele ya tume hiyo kueleza namna walivyodaiwa fedha ili majalada yao yasipotee, na namna watuhumiwa walivyoteswa. Haifai basi kudai kwamba polisi aliyelelewa na polisi ni msafi kwa sababu hiyo peke yake. Ndugu wa ukoo mmoja huweza kufichiana aibu.

Mwaka 2001 Rais Yoweri Museveni alimteua Meja Jenerali Katumba Wamala, mwanajeshi ambaye sehemu ya mafunzo yake aliyapata katika chuo cha kijeshi cha Monduli. Wako waliomsifu kwa kurudisha nidhamu na kwa kuwa karibu na watu. Mwaka 2005 alirudi jeshini, na mahali pake akaja Kale Kayihura, naye mwanajeshi. Huyu alikuwa na karakana mbili, kwa kuwa alisomea sheria Makerere na London, kisha mwaka 1982 akajiunga na wapiganaji wa msituni. Nchi ilikuwa na haki ya kungoja kuona ni elimu ipi kati ya hizo mbili itakayotangulia.

Aliongoza kwa zaidi ya miaka 12. Polisi ilikua kwa idadi, magari na silaha. Mwaka 2011, wapinzani walipoanza kwenda kazini kwa miguu kulalamikia bei za vyakula na mafuta, walipambana na moshi wa kutoa machozi na risasi. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2016 vijana wengi waliandikishwa kuwa wasaidizi wa kuzuia uhalifu, na wapinzani wakalalamika kwamba kazi yao hasa ilikuwa ya chama tawala. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Machi, 2018, Kayihura aliondolewa. Juni akakamatwa, na Agosti akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi pale pale Makindye, akishtakiwa pamoja na mambo mengine kwamba alisaidia kutekwa kwa wakimbizi wa Rwanda na kurudishwa kwao. Aliyakana mashtaka, na baadaye yakafutwa. Kwa hiyo hata mkuu wa polisi mwenye shahada za sheria hakupata hakimu wa kiraia wa kuipima kesi yake hadharani, na wale waliosema kwamba wametendewa maovu hawakupata jibu.

Aliyemfuata, Martins Okoth Ochola, alikuwa askari polisi halisi. Makamu wake, Sabiiti Muzeyi, alitoka kuwa mkuu wa polisi wa jeshi, na baadaye mwaka 2020 akaja Meja Jenerali Paul Lokech aliyekuwa amepigana Somalia. Novemba, 2020, mgombea wa upinzani alipokamatwa, ghasia za siku mbili ziliua watu zaidi ya 50, wengi wao kwa risasi. Inspekta Jenerali alikuwa polisi kwa kazi yake, na hilo halikutosha kuwakinga waliokuwa wakipita njia wakienda zao sokoni. Mei, 2024, aliteuliwa Abbas Byakagaba, naye mtu wa polisi, pamoja na makamu wa polisi, James Ochaya.

Upande wa magereza mambo yalikwenda kwa njia yake. Mwaka 2005 uongozi wake ulikabidhiwa kwa Johnson Byabashaija, daktari wa mifugo kwa elimu aliyoipata Makerere. Anayesikia atacheka, lakini magereza ya Uganda yana mashamba na mifugo, na mtu wa taaluma hiyo alikuwa na kazi ya kufanya humo muda mrefu kabla ya kuwa mkuu. Sheria ya mwaka 2006 iliyaunganisha na magereza ya serikali kuu yale magereza ya serikali za mitaa, ambayo yalikuwa ni masalio ya enzi za machifu, na mengi yao hali yake ilikuwa ya kusikitisha. Zilianzishwa kamati za haki za binadamu ndani ya magereza, za wafungwa na za askari. Katika gereza la Luzira wafungwa walisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London. Mmoja wao, Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kufa, ndiye aliyetangulia jina katika kesi ya mwaka 2009 iliyoondoa ulazima wa adhabu ya kifo.

Hata hivyo shamba lile lile lililomlea mkuu lilileta lawama. Mwaka 2011 watetezi wa haki za binadamu walieleza kwamba wafungwa, pamoja na mahabusu ambao kesi zao hazijasikilizwa, walikuwa wakilimishwa kwa nguvu na kupigwa. Na wafungwa waliendelea kurundikana kwa idadi iliyozidi mara mbili ya nafasi zilizopo. Daktari hawezi kulipunguza zizi ambalo mlango wake wa kuingilia unashikwa na polisi na mahakama.

Kutokana na mambo hayo yote, twaweza kusema nini? Asili ya kiongozi si jambo la kupuuzwa. Mwanajeshi hufunzwa kumwona adui na kumshinda upesi, na polisi hufunzwa kumwona mtuhumiwa na kumfikisha mbele ya hakimu akiwa hai. Mtu aliyeshinda nusu ya umri wake katika shule moja hawezi kuibadilisha kwa kupewa sare ya rangi nyingine. Lakini historia ya Uganda inaonyesha pia kwamba shule peke yake haitoshi. Adoko alikuwa mwanasheria. Oryema alikuwa polisi. Kiwanuka aliwahi kuwa askari, na bado hapana aliyeilinda sheria kumshinda.

Kilichowatenga watu hao ni swali la kila mmoja anamtumikia nani siku ile anapoambiwa afanye lisilo halali. Na nchi isiyotaka kuyategemea maisha ya raia wake juu ya ushujaa wa mtu mmoja hapana budi imjengee mtu huyo ukuta wa kuegemea. Ukuta huo ni uteuzi wenye masharti ya taaluma, muda wa kazi usiokatwa kwa hasira, Bunge linalouliza, na mahakama ambayo amri yake haigeuzwi na mwenye bunduki. Kiwanuka aliandika hukumu yake bila ukuta wowote nyuma yake. Majaji waliotoa hukumu ya Januari, 2025, waliitoa bila kubebwa na mtu, na walirudi nyumbani kwao jioni. Hayo si maendeleo ya kudharauliwa katika miaka 53. Iwapo hukumu hiyo itaheshimiwa vituoni, kambini na magerezani, hilo litawategemea watakaokabidhiwa sare, joho na ufunguo baada ya hawa, na wananchi watakaouliza, kabla ya kuwakabidhi, walikotoka.